Maji ya Shela: Kwanza Tupime, Ndipo Tuitane Barazani

Mji wa Lamu unakunywa mchanga wa Shela. Masika ikinyesha juu ya vile vilima vya mchanga vya kijiji cha Shela, ambavyo chini yake ndiko yaliko maji ya visima vya mji, hakuna mto wala mtaro wa kuichukua mvua. Inazama. Na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari yaliyojipenyeza chini ya kisiwa. Wataalamu wana hesabu yao: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 nyingine chini yake. Hesabu hiyo hufurahisha ukiisoma kwa kupanda. Isome kwa kushuka. Pampu zikiyateremsha maji nusu mita tu, na hali ikabaki hivyo, chumvi huelekea kupanda mita 20 kutoka chini, na aliye juu haoni kitu.

Basi nani aamue pampu zivute kiasi gani, nyumba zijengwe wapi, karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, lichimbwe umbali gani kutoka kisimani?

Kwenye karatasi, jibu lipo. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Sheria ya Maji ya 2016 inazitambua jumuiya za watumiaji wa maji, zile tuzijuazo kwa jina la WRUA, na inaitaka Mamlaka ya Rasilimali za Maji ishauriane na umma kabla ya kulitangaza eneo kuwa la kuhifadhi maji ya ardhini. Vibali vya kuchimba na kuvuta vinabaki mkononi mwa Mamlaka. Ubishi unaanzia hapo: wako wasemao mambo haya ni ya wataalamu, na wako wasemao mwenyeji ndiye ajuaye kisima chake.

Watu wa Lamu wana sababu ya kutoyaamini maamuzi yanayoshushwa kutoka juu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa haki wavuvi na wakazi waliolalamikia jinsi mradi wa bandari ya LAPSSET, ule mpango mkubwa wa bandari na njia za usafiri kutoka Lamu hadi Ethiopia na Sudan Kusini, ulivyoendeshwa, na kutoshirikishwa ipasavyo kulikuwa miongoni mwa hoja zilizokubaliwa. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapo pia kwa sababu umma haukushirikishwa inavyotakiwa. Ushindi huo ulikuwa wa haki. Lakini nadhani umetuachia mazoea ambayo hayatatufaa kwenye maji: tumejifunza kushiriki kwa kukataa. Mtambo una mwenyewe, anakuja na faili lake, unampinga. Maji ya chini hayana mgeni wa kupingwa. Anayeyavuta ni jirani yako, ni msikiti wako, ni wewe. Jamii hodari wa kusema hapana kwa mwekezaji inaweza kushindwa kabisa kumwambia shemeji yake azime pampu.

Tuwape wenyeji haki yao, wanayo elimu. Fiqhi ina harimu ya kisima, eneo la kukizunguka lisiloguswa, na riwaya mashuhuri ya hadithi ya Mtume inataja dhiraa 40, dhiraa ikiwa ni urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Ni kanuni ya ulinzi wa chanzo cha maji iliyotangulia ofisi zote tulizonazo. Tuna magofu ya mji wa Takwa kule kisiwa jirani cha Manda, ambayo wengi huamini yalihamwa kwa sababu maji yaligeuka chumvi, kwa hiyo hakuna haja ya kuleta mtaalamu kutuambia kwamba mji unaweza kufa kwa kisima. Wazee wa visima hujua ladha ikibadilika. Tatizo ni kwamba ulimi huchelewa: unapoionja chumvi, mpaka wa maji ya bahari chini ya ardhi umeshapanda. Na vijidudu vinavyotoka karoni havina ladha. Kwenye mji ambao nyumba zimebanana hivi, dhiraa 40 kati ya choo na kisima utazipata wapi?

Halafu kuna hili neno jamii, ambalo kwenye ripoti husemwa kana kwamba ni mtu mmoja. Mwenye nyumba ya wageni Shela yenye bwawa la kuogelea ni jamii. Mpangaji wa mtaa wa Wiyoni anayenunua maji kwa mtungi ni jamii. Mchuuzi wa mchanga na punda wake ni jamii, na riziki yake iko kwenye kilima kilekile kinachochuja maji. Ukiitisha kikao asubuhi ya siku ya kazi, atakuja nani? Mwenye nafasi, mwenye jina, na yule anayejua posho itatolewa saa ngapi. Mama anayejua bei ya mtungi ilivyopanda mwezi huu yuko kwenye foleni ya mtungi. Wanaopinga kuiachia jamii maamuzi hawakosi hoja hapa. Wanapokosea ni kudhani kwamba ofisi iliyo mbali, yenye vibali na muhuri lakini haina mtu wa kwenda kusoma mita, ndiyo itakayoona zaidi.

Mfano unaonivutia ni wa pwani ya Los Angeles, Marekani, ambako maji ya bahari yaliingia visimani karne iliyopita kwa kuvutwa kupita kiasi. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliichunguza kesi hiyo kwenye tasnifu yake ya 1965. Wavutaji wenyewe walijiunga katika chama, wakaenda mahakamani, wakakubaliana kupunguza. Kilichowezesha ni kwamba palipatikana vipimo vya kila mvutaji ambavyo wote waliviamini. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya kumsingizia mwenzake. Ila tusisahau kwamba waliokaa pale walikuwa miji, makampuni ya maji na viwanda vya mafuta. Mnunuzi wa mtungi hakuwa na kiti.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye kupima. Visima vichache vya Shela vitengwe kwa kazi hiyo, kina na chumvi visomwe kila mwezi na vijana wa hapa waliofundishwa na kulipwa, na matokeo yabandikwe uwanja wa Mkunguni kwa Kiswahili, karibu na wanaocheza bao. Kiwango cha hatari kiwekwe na wataalamu, na kikifikiwa pampu zipunguzwe bila kikao. Kiwango hicho kisipigiwe kura, maana chumvi haingoji akidi. Baki ya mambo ni ya wenyeji, wataalamu wakae kando: nani apunguze kwanza, bwawa la hoteli au bomba la mtaa, mtungi uuzwe bei gani, faini ya karo bovu imwangukie mwenye nyumba au mpangaji. Viti vya wanunuzi wa mitungi viandikwe kwenye katiba ya jumuiya.

Linabaki suala la hati za ardhi. Malalamiko ya viwanja kugawiwa juu ya vilima vya Shela si mageni, na hakuna jumuiya ya watumiaji wa maji yenye uwezo wa kuifuta hati ya ardhi hata ikiwa na vipimo vya miaka kumi. Hilo ni la mahakama na Tume ya Ardhi, na wakati linabishaniwa, msingi wa nyumba unaweza kuwa umeshamwagwa.