Nilivyoikaza Morris ya Babu

Morris Minor aliyotuachia marehemu babu ina injini ya cc 1098, ile iliyoanza kufungwa mwaka 1962. Enzi za babu ilikwenda msikitini na sokoni bila kumkosea mtu adabu. Mimi ndiye niliyeitia mashetani: kabureta mbili za aina ya SU, hedi, yaani kichwa cha injini, nikaichongesha, ekzosi nikaipanua. Ikawa inakimbia kweli. Fundi wetu wa Ngamiani, Tanga, aliisikiliza siku moja, akaizima, akaniambia: "Mwanangu, juu umemvalisha suti, chini yuko pekupeku."

Alisema kweli. Krenki ya injini ile, mhimili unaozungushwa na pistoni, inashikwa na mein beringi tatu tu, yaani beringi kubwa inamozungukia, na shingo zake zinazokaa humo ni inchi moja na robo tatu, nyembamba kwa pistoni inayopanda na kushuka karibu milimita 84. Ukienda mwendo wa babu haina neno. Ukikanyaga mafuta, inacheza katikati kama kamba ya watoto wanaoruka, na ipo siku itakatika. Kwa hiyo tukaichonga, tukaipima mizani, tukanunua beringi mpya. Juu ya kepu ya mein ya kati, kile kifuniko kinachoibana beringi na krenki kwenye bloku, fundi akaagiza bamba nene la chuma na bolti ndefu, ili kepu isitikisike.

Bamba likitaka kulala vizuri, mgongo wa kepu lazima usawazishwe. Mchongaji alipousawazisha, alama ya zamani ya kuonyesha mbele ikaondoka nao. Fundi akagonga nukta mbili ubavuni, upande wa mbele. Kila kitu kingine kilikuwa kimeshafungwa, imebaki kepu hiyo moja. Ndipo ikaja habari ya msiba Pangani.

"Isafishe tu," aliniambia akipanda daladala. "Usifunge."

Niliisafisha. Wallahi niliisafisha. Nilichukua msasa nikasugua mgongo, nikasugua mbavu, mpaka nikajiona sura. Nikaigeuza niitafute ile mbele yake, nikaona pande mbili zinazong'aa sawasawa kama tende mbili za bakuli moja.

Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi niliifunga kwa kukisia, nikabana bolti kidogo, nikajaribu krenki: ikazunguka. Moyo ukatulia. Nikachukua spana ya kupimia, nikakaza hadi futi-paundi 60, nikalaza sampu, lile bakuli la oili la chini ya injini, nikaenda kula pweza. Kuizungusha tena baada ya kukaza hakukunijia akilini.

Fundi alirudi kachoka. "Umefunga?"

"Nimefunga."

"Inazunguka?"

"Inazunguka, Mzee." Na sikusema uongo, ilikuwa imezunguka.

Uchovu wa msiba ukamfanya aniamini, kosa ambalo hajalirudia. Jioni injini ikawa garini.

Nikawasha. Tik! Taa zikafifia. Tukaazima betri ya teksi. Tik! Tukaingiza hendeli kwenye tundu la bampa, nikavuta. Akaja kijana wa bodaboda, tukavuta wawili. Injini haikusogea hata unywele, ila gari zima lilipanda na kushuka kwenye springi zake kama linaitikia salamu.

Watu wakajaa. Mmoja akasema pistoni mpya hukaza. Muuza kahawa akasema gari halijaambiwa kuwa mwenyewe kafariki, lisomewe kwanza. Nikatikisa kichwa kwa nguvu: "Huenda, huenda." Ilikuwa nadharia nzuri kuliko zote, kwa kuwa haikunitaja.

Ikaletwa pikapu kuivuta. Gia ya pili, nikaachia klachi. Matairi ya nyuma yakagoma, yakaburuzwa mchangani yakichora mistari miwili hadi kwenye kona. Mtoto akapiga kelele: "Linalima!"

Fundi akainua mkono, pikapu ikasimama. Akaja dirishani taratibu.

"Ile kepu ya kati. Nukta umeziweka mbele?"

"Nukta zipi, Mzee?"

"Nilizogonga."

"Zile… nilidhani kutu."

Muuza kahawa akatua birika lake chini.

Kepu na bloku hutobolewa pamoja kiwandani. Ukiigeuza, duara halikutani kwa kiasi cha unywele, na bolti zikikazwa kepu inaing'ata krenki. Usiku ule tulipofungua sampu, fundi akanionyesha jambo lililoniuma zaidi: beringi ni vipande viwili, na kijino cha kile cha juu na cha kile cha chini vinatakiwa vikae upande mmoja. Ningetazama hivyo tu, nisingehitaji nukta yoyote.

Beringi za kati zilikuwa zimechubuka, nikalipa nyingine. Kepu ikageuzwa, ikakazwa, na fundi akaizungusha krenki kwa mkono mmoja, wa pili ameshika sigara. Kisha akagonga nukta upya, kwa kina ambacho msasa wangu hautakifikia.

Morris sasa inapaa. Na kikombe changu cha bati pale gereji kina nukta mbili ubavuni. Fundi anasema ni upande wa kunywea.