Afande, Fungua Geti!

Meneja wa kampuni yetu ya ndege alikwenda semina nje ya nchi akarudi na somo moja: kampuni za ndege za bei nafuu hazilazi marubani hotelini. Akatutajia Ryanair ya Ireland. Kule rubani anaripoti kituoni kwake, anaruka, anarudi, na usiku yuko kwake na mkewe. Ndege ikitua inageuzwa kwa dakika 25. Chakula rubani anajibebea kutoka nyumbani au anajinunulia. "Hoteli ni hasara," meneja akasema, na kwenye bajeti ya mwaka ule kifungu cha malazi kikafutwa chote.

Hesabu hiyo kwa wenyewe inakubali, maana ndege ikiwaharibikia wana nyingine mamia za kutuma. Sisi tulikuwa na chache, na katika hizo chache moja ikatufia Dodoma, Alhamisi jioni, mwezi wa Juni, Bunge la Bajeti limepamba moto.

Nani asiyeijua Dodoma ya Juni? Mawaziri wapo, makatibu wakuu wapo, wataalamu wa kila wizara wapo na mafaili yao, madereva wao wapo, na kila aliyevaa suti anaitwa mheshimiwa. Chumba hakipatikani hata kwa udugu. Na upepo wake! Watu wa Dar tunadhani baridi ni jambo la Njombe na Makete, hadi ule upepo wa usiku ukukute na shati la mikono mifupi.

Mimi ndiye rubani msaidizi. Kapteni ni mzee wangu, namwamkia shikamoo kabla hatujagusa swichi yoyote. Fundi alisema kuna kipuri kimekufa, kidogo tu, kinaingia mfukoni, lakini bila hicho haturuki. Ofisini wakakitafuta, wakakipata, kisha wakatupa habari ambayo sijawahi kuisikia tangu nianze kazi hii: kipuri cha ndege kitakuja kwa treni. SGR ya kwanza ya asubuhi.

Elewa uchungu wa jambo hilo. Tangu treni ile ianze kufika Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida shilingi 31,000, abiria wetu wanatuhama. Ndiyo maana hata biskuti zimetolewa kwenye ndege. Sasa mshindani ndiye anatuletea dawa. Abiria wetu walipoambiwa safari imeahirishwa, wengi waliuliza swali moja tu: stesheni iko upande gani?

Tukabaki wawili, begi moja moja, na sare tulizovaa. Kapteni ana tepe nne begani, mimi tatu. Ofisi wakatuma shilingi elfu arobaini kwa simu, "malazi na chakula, mlete risiti ya EFD," ile ya mashine ya kodi. Kwa watu wawili. Wala usidhani kuna kingine kilichokuwa kinaingia: sisi tunalipwa kwa saa za kuruka, na saa inaanza kuhesabiwa ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa. Ikikaa, umekaa nayo bure.

Tulianza na tumbo. Kwenye urubani kuna kanuni moja inayofuatwa na kampuni nyingi duniani: kapteni na msaidizi wake wasile chakula kimoja, ili kikimdhuru mmoja mwingine abaki mzima wa kurusha ndege. Kanuni nzuri sana ukiwa na jiko la hoteli. Kwa mama ntilie wa saa tatu usiku, aliyebakiwa na vitu viwili, ni kanuni ya cheo. Kapteni akatazama sufuria, akasema kwa upole wa kikubwa, "Mimi nitachukua kuku." Ikabaki ugali wa uwele na mlenda.

Sina ugomvi na mlenda. Wagogo wameulelea watoto na umewakuza. Ila unataka mkono wenye mazoezi, na mimi mkono wangu ni wa Temeke. Kila tonge nililoinua lilikuwa na uzi unaorudi bakulini, na uzi mmoja ukaamua kupitia kifuani. Shati jeupe, tai nyeusi, mlenda wa kijani. Nikaomba risiti ya EFD. Mama akanitazama kuanzia tepe hadi viatu.

"Baba, umekuja na njaa, unaondoka umeshiba. Risiti si hiyo hapo kifuani?"

Gesti tuliipata Chang'ombe, ile ya Dodoma, baada ya bajaji kutuzungusha mji mzima. Chumba kimoja, kitanda kimoja, nne kwa sita. Mama mwenye gesti, mtu mzima wa makamo, alipokea "Mbukwenyi" yangu, salamu ya Kigogo, kwa kicheko, nadhani niliitamka vibaya, kisha akayasoma mabega yetu.

"Mnatoka kampuni gani ya ulinzi, wanangu?"

"Sisi ni wa ndege, mama."

"Ahaa, mnalinda uwanja! Kazi ngumu. Karibuni."

Kapteni alitaka kusahihisha. Nikamwambia kapteni, mama akijua sisi ni marubani bei itapanda. Akanyamaza.

Kitanda kikaenda kwenye tepe nne. Mimi nikapewa godoro chini, kati ya mlango na ndoo. Ningelala hapo salama kabisa kama si mkoromo. Nimekaa pembeni ya injini za ndege miaka, lakini zile zina kelele moja, unaizoea. Kapteni anabadilisha gia. Nilipochoka nikatoka nje, shati limefuliwa sehemu ya kifua na bado bichi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti. Mlinzi mwenyewe hakuwapo, alikuwa ameomba ruhusa ya mkesha kanisani. Mama aliponiona natetemeka akanihurumia, akanitolea koti la mlinzi, lile zito jeusi linalofika magotini, na kofia ya sufu.

"Na hii tochi, baba. Usikae gizani."

Kuanzia hapo, jamani, sikuomba kazi, kazi ilinikuta.

Gari la kwanza lilipiga honi. Usiku ule, honi ile, na kapteni ndani ndiyo kwanza amepunguza gia! Nikakimbilia geti nisije nikamwamsha. "Asante afande." Gari la pili hivyo hivyo. La tatu dereva akaniuliza kama parking ina kivuli asubuhi, nikamwelekeza chini ya mwarobaini, tena nikamwongoza kwa tochi anavyorudi nyuma, mkono kulia, mkono kushoto, ngumi juu: simama. Dereva akashusha kioo. "Afande, wewe umesomea?"

Ndipo akaja mheshimiwa. Suti, faili kwapani, pikipiki imemshusha. Akanikabidhi noti ya elfu tano kabla hata sijafungua vizuri.

"Afande, nigongee saa kumi na moja alfajiri. Nina ndege ya asubuhi kwenda Dar."

Kampuni ipi? Akaitaja. Yetu.

"Mheshimiwa," nikasema, "lala tu. Hiyo ndege haiondoki asubuhi."

"Wewe umejuaje?"

"Mbovu. Kipuri kinakuja na SGR, kikifika fundi anahitaji kama saa mbili, halafu kuna majaribio ya injini."

Alinitazama kwa muda. Kisha akacheka hadi faili likaanguka. "Nyie walinzi wa Dodoma mmezidi! Mkikaa jirani na Bunge mnajua kila kitu. Nigongee saa kumi na moja."

Nikamgongea. Pesa ya mtu nimeshika, ningefanyaje? Akaondoka na bajaji huku akiniambia nipunguze bangi.

Mlinzi halisi alirudi kumekucha, akakuta koti lake lina mtu. Nilimweleza. Akasikiliza kwa makini, akauliza swali moja la kitaalamu: "Magari yalikuwa mangapi?" Tukagawana elfu tano nusu kwa nusu, na bado aliona nimempunja.

Kapteni aliamka saa moja, mwepesi, anapiga mluzi. "Umelala, kijana?" Sikudanganya, kwenye kazi yetu hilo si jambo la kufichana. Akakaa kitandani, akafikiri, akapiga simu ofisini. Nilisikia upande wake tu. "Hapana, haruki... Kwa sababu amelinda geti... Geti, ndiyo... Sheria ya mapumziko haisemi nani alimnyima usingizi... Basi njoo urushe wewe." Akakata. "Mapumziko yako yanaanza kuhesabiwa sasa hivi. Panda kitandani."

Nililala usingizi wa kulipwa, ingawa hawakunilipa. Kipuri kilifika kwa wakati, fundi alikisifu kiti cha treni kuliko alivyowahi kusifu ndege yetu, na safari ikapangwa jioni.

Sasa, ndege zetu hizi za mapangaboi, mlango wa abiria uko nyuma. Rubani akichelewa kumaliza ukaguzi wa nje, anaingilia huko nyuma na kupita katikati ya watu wote hadi mbele. Nilipita. Safu ya nne kabla ya mwisho, faili kwapani, macho mekundu kwa kukaa uwanjani tangu alfajiri, alikuwa mheshimiwa.

"Afande!"

Nikaongeza mwendo.

"Afande, huko unakwenda wapi? Dada! Mhudumu! Huyu ni mlinzi wa gesti ya Chang'ombe! Jana usiku amenifungulia geti!"

Ndege nzima ikageuka. Mama mmoja akaanza kuomba kwa sauti. Mhudumu, badala ya kunitetea, alishindwa kujizuia, akaenda kucheka kwenye kabati la maji. Ikabidi kapteni atoke, tepe nne, sauti ya utu uzima. "Mheshimiwa, huyu ni rubani msaidizi wangu. Leseni anayo."

"Na jana?"

"Jana," kapteni akasema, "hotelini palijaa."

Mheshimiwa akakaa, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Nimesimuliwa kwamba njia nzima alimuuliza mhudumu nani ameshika usukani, na kila akijibiwa ni kapteni alishusha pumzi. Hakuna aliyemwambia kwamba safari ile ilikuwa zamu yangu.

Tulitua Dar laini kabisa. Alinisubiri chini ya ngazi, akanipa mkono.

"Afande, nikuombe radhi. Habari yako ya kipuri ilikuwa sahihi neno kwa neno."

"Karibu tena, mheshimiwa. Unarudi lini Dodoma?"

"Jumapili," akasema, akakumbatia faili lake. "Nina tiketi ya treni."