Tusi liko kwenye neno au kwenye mdomo?

Mwaka 2017 watu wa Myanmar walianza kuona machapisho yao ya Facebook yakifutwa kwa kosa la kutaja dengu. Kwa Kiburma dengu huitwa "kalar pae", na "kalar" peke yake ni neno wanalotukanwa nalo Waislamu na watu wenye asili ya Bara Hindi. Kampuni ilipiga marufuku neno, programu ikalisaka, mapishi ya watu yakaenda na maji. Kuanzia Agosti mwaka huohuo, zaidi ya Warohingya 700,000, Waislamu wa nchi hiyo, walikimbilia Bangladesh, na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wakasema mtandao huo ulisaidia kueneza chuki dhidi yao. Yaani dengu zilikamatwa, chuki ikapita.

Hata hivyo, wanaotaka maneno haya yadhibitiwe si watu wa kuudhika ovyo. Rwanda, redio ya RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", mende. Jina hilo halikuzaliwa 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari. Tangu miaka ya 1960 lilitumika kwa wapiganaji wa Kitutsi waliovuka mpaka usiku. Kilichobadilika ni upana wake: kutoka kwa mwenye bunduki hadi kwa mtoto mchanga wa jirani. Na mende hahojiwi wala hashtakiwi, hupondwa tu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura.

Upande wa pili wanauliza: neno likifukuzwa, dharau nayo inaondoka? Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail liliwabeza wanawake wa Uingereza waliodai kura kwa kuwaita "suffragettes". Wenyewe wakalitwaa, baadaye wakaliita hata gazeti lao jina hilo. Tusi likaisha makali mikononi mwa waliotukanwa.

Kiswahili chenyewe hakina msimamo mmoja. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: yote yamevaa ki- ya kiti na kisu, ingawa tunasema "kiziwi amekuja" kama kwa mtu yeyote. Wapo wanaoona ki- hiyo inamshusha mtu kuwa kitu, ndiyo maana tukahamia "mlemavu", kisha "mtu mwenye ulemavu". Lakini chama cha viziwi wa Tanzania kinaitwa Chama cha Viziwi, bila kumwomba mtu radhi. "Zeruzeru", waliloitwa watu wenye ualbino, ni habari nyingine. Neno hilo lilitembea pamoja na imani kwamba watu hao hawafi bali hutoweka, na wapo waliouawa kwa ajili ya viungo vyao. Kiziwi alibaki na jina lake kwa hiari. Huyu mwingine hakuachiwa hiari yoyote, na kwangu mimi tofauti iko hapo kuliko kwenye herufi.

Mtandaoni ndiko kipimo hiki kinapoharibika. Utani una mipaka kwa sababu mtani anamjua mtani wake. Piga picha ya skrini, utani uleule unasomwa na maelfu wasio na utani wowote na aliyetajwa. Ujerumani ilijaribu sheria: kuanzia 2018 mitandao mikubwa ilitakiwa kuondoa maudhui yaliyo haramu waziwazi ndani ya saa 24, na faini ilifika hadi yuro milioni 50. Wapinzani wakasema kampuni inayotishiwa hivyo itafuta kwanza, itafikiri baadaye. Sioni jibu zuri la hoja hiyo.

Halafu kuna maneno ambayo orodha haiyawezi. Chui ana madoadoa na hakuna anayekasirika. Lakini Bonde la Ufa nchini Kenya, mkazi wa kabila lililotoka kwingine akisikia jukwaani kwamba "madoadoa" yaondolewe, anajua ni yeye, na anaanza kufunga mizigo. Mwaka 2022 tume ya uwiano ya nchi hiyo ililiweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya kuchunga. Programu ingelikuta kwenye kitabu cha wanyama na kwenye hotuba ya uchochezi na kuyaona sawa. Mwenyeji anatofautisha kabla sentensi haijaisha.

Kwa hiyo mimi ningewapa wenyeji wanaoijua lugha kazi hii, si orodha. Najua gharama yake: mtu husoma taratibu, na uvumi haumsubiri. Wiki ya uchaguzi, mahali ambapo nyumba zimewahi kuchomwa, ningekubali dengu kadhaa zifutwe.