Usonji na serotonini: damu si ubongo

Mzazi akiambiwa kwamba usonji (autism) wa mwanawe una uhusiano na serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya seli za neva, fikra ya mwanzo huwa moja: kuna kitu kimepungua, basi kijazwe. Ndizi zinaongezwa mezani, na anaulizwa muuza dawa kama ana vidonge vya serotonini. Naipinga njia hiyo.

Mwaka 1961, huko Marekani, watafiti Schain na Freedman walipima damu za watoto wenye usonji. Walichokikuta kwa baadhi yao ni serotonini iliyozidi. Tafiti zilizofuata zimelikuta jambo hilo kwa takriban mtoto mmoja katika kila wanne. Hao watatu wengine damu yao ni ya kawaida na usonji wanao, kwa hiyo kipimo hicho hakimtambulishi mtoto.

Tena serotonini ya damuni haitoki kichwani. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo, ikabebwa na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, na haivuki kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, kijenzi cha protini tunachokipata kwenye samaki, mayai na kunde. Ndizi ina serotonini ya kwake, lakini haifiki ubongoni. Mtoto apewe ndizi kwa kuwa ni chakula.

Mwaka 1999 mtafiti Chugani na wenzake walichunguza ubongo wenyewe kwa picha maalumu. Kwa watoto wasio na usonji, uwezo wa kutengeneza serotonini ulikuwa mkubwa mno mpaka kiasi cha miaka 5, halafu ukashuka. Kwa wenye usonji haukuwa na kilele hicho, ulipanda taratibu tu. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito: serotonini hushiriki kuujenga ubongo unaokua, na wakati wake una maana kuliko wingi wake.

Kuishusha kumeshajaribiwa. Fenfluramini, dawa ya kupunguza unene, ilipunguza serotonini ya damuni, tabia za watoto hazikubadilika vya kutegemewa, na mwaka 1997 dawa hiyo iliondolewa sokoni Marekani kwa kudhuru vali za moyo. Kuiongezea nguvu ubongoni nako kumejaribiwa: jaribio la mwaka 2009 la sitalopramu, dawa inayoiacha serotonini ikae zaidi baina ya seli za ubongo, lenye watoto 149, halikupunguza tabia za kurudiarudia kuliko kidonge kisicho na dawa. Lililoongezeka ni utundu wa kupita kiasi na kukosa usingizi. Daktari anaweza kumwandikia dawa ya kundi la sitalopramu mtoto mkubwa mwenye wasiwasi mzito, hilo ni jengine. Aanze na dozi ndogo, asikatishwe ghafla, na asichanganyiwe tramadoli, dawa ya maumivu: serotonini ikizidi mno mtoto hutetemeka, hutoka jasho na hupandwa na homa, na hapo ni hospitali mara moja.

Fedha na muda viende kwengine. Chanjo ya surua ya miezi 18 huwafikisha watoto kliniki, Unguja na Pemba. Siku hiyo mwelezeni muuguzi kama mtoto haitiki jina lake, haonyeshi kitu kwa kidole, hana hata neno moja, au alikuwa nayo maneno yakampotea. Ombeni apimwe masikio kwanza, maana asiyesikia naye haitiki. Nyumbani, semeni naye kwa maneno mawili matatu, mkae usawa wa macho yake, mumwonyeshe kikombe kabla ya kusema "maji", kisha mngoje sekunde 10 kabla ya kumjibia. Wengi hushindwa hapo pa kungoja.