Kusi Ikivuma, Nyumba Ipewe Haki Yake

Mtu wa Nairobi ukimwambia Lamu kuna baridi, atacheka. Atakwambia kwao alfajiri ya Julai hushuka mpaka nyuzi 11 au 12, ilhali kwetu ikishuka sana ni 22 hivi. Ni kweli, sibishani na kipimajoto. Lakini aliyezoea Februari ya Lamu, ambapo jasho hukutoka hata ukilala darini, juu kabisa ya nyumba, usiku wa manane, akipigwa na upepo wa Julai wenye unyevu wa bahari atatafuta sweta bila kuambiwa. Watoto hulia kuoga. Wazee hujitanda shuka juu ya kanzu kwenda msikitini alfajiri. Kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ikishika, na sisi ni watu wa baridi, acheni kutucheka.

Msimu huu, kwa maoni yangu, ndio wa nyumba, na sisi tumeuacha upite bure. Tunaununia. Bahari imechafuka, samaki adimu, wageni wachache, nguo hazikauki, stima inapotea kila upepo ukizidi. Basi tunakaa tukingoja upepo ugeuke, simu mkononi, mpaka Oktoba.

Tazama tunavyozihudumia nyumba zetu. Ramadhani ikikaribia, kila mtaa utasikia kuta zikikwaruzwa na kupakwa upya, masufuria yanasuguliwa, mapazia yanashushwa. Maulidi ya Mfunguo Sita yakikaribia, vilevile, maana mji utajaa wageni na hakuna anayetaka kusemwa. Ikitokea harusi, ndiyo usiseme: deni litaingia, kochi jipya litaingia. Sina ugomvi na hayo, ni ada nzuri na zina baraka zake. Ila mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo haukai pamoja na pepo. Miaka fulani unapaka ukuta katikati ya masika, miaka mingine katika kiangazi kikali. Wazee wetu walikuwa na hesabu ya pili kando ya ile: mwaka wa Nairuzi, wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Manahodha na wakulima waliufuata kujua lini kusafiri na lini kupanda. Hesabu hiyo ilikwenda na upepo. Siku hizi wanaoijua ni wachache, na nyumba imebaki na kalenda moja tu, ile ya wageni.

Hapo ndipo ninapokwaruzika. Nyumba inayoguswa kwa ajili ya macho ya watu hupendeza sebuleni na kuoza chumbani. Mimi nataka msimu mmoja wa kazi ambazo hakuna mgeni atakayeziona.

Anza na chumba chenyewe. Nyumba za kale za mji huu zilijengwa kukimbia joto: ukiingia kuna daka la mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, yaani kumbi, na nyuma kabisa ndani, chumba chembamba chenye zidaka, vishubaka vya ukutani, na dirisha hakina. Wembamba wake una sababu. Boriti za mkoko haziwezi kubeba dari pana, kwa hiyo chumba hakizidi mita tatu hivi kwa upana hata mwenyewe awe tajiri vipi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kuliko urefu wa mkono wako kutoka kiwikoni hadi ncha ya vidole. Wanaokuja kununua nyumba hizi na kuzitengeneza hupenda darini, penye makuti na upepo na machweo, na picha zote hupigwa huko. Mwezi wa pili ni sawa. Mwezi wa saba darini hapakaliki; makuti yanapiga kelele usiku kucha na mvua ya manyunyu inaingia kwa ubavu. Raha yote imeshuka chini, imeingia ndani, mahali ambapo siku nyingine huwekwa magodoro ya ziada na pasi iliyoharibika. Watu wa zamani hawakujenga chumba kile kwa ajili ya stoo. Kitoe magodoro, tandika mkeka, weka mito ukutani na taa ndogo kwenye kidaka. Gharama ni jasho la asubuhi moja.

Ukishatoa vitu utaona ukuta. Utaona umetoka unga chini, pale unyevu unapopanda, na pengine utaona kiraka cha simenti kinachobanduka kama gamba. Hapa nina maneno makali kidogo. Simenti juu ya ukuta wa matumbawe ni balaa. Matumbawe yana chumvi na yana maji, yanavuta na kutoa, ndiyo tabia yake. Ukiyaziba kwa simenti, maji hayana pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta inabanduka na kung'oa uso wa jiwe. Mafundi wanajua. Wenye nyumba nao wameambiwa mara nyingi. Lakini simenti iko dukani, mfuko unabebwa na punda, na kesho yake ukuta ni mgumu, basi.

Chokaa inataka subira. Ni matumbawe yaliyochomwa tanuri, yakazimwa kwa maji, yakalowekwa. Haigandi kwa kukaukiwa tu; hurudi kuwa jiwe polepole kwa kuvuta kaboni dayoksaidi ya hewani, na kazi hiyo huitaka iwe na unyevu. Ikikaushwa haraka na jua la kaskazi, msimu wa joto, hupasuka na kutoa vumbi, ndipo fundi hulazimika kuinyunyizia maji na kuifunika magunia. Katika kusi, mvua kubwa za masika zikishapungua, hewa yenyewe hufanya kazi ya magunia. Ukuta wa ndani uliopigwa chokaa Julai hujifunga taratibu bila kuhangaishwa. Kwa hiyo anayeniambia msimu huu si wa kazi za nyumba, nitamuuliza ni nyumba ya nini anayoisema. Ya matofali ya simenti, labda. Nyumba ya mawe ya Lamu inaupenda.

Kazi ya pili ni ya kukaa kitako, nayo ndiyo niipendayo zaidi. Shangazi yangu husuka ukili, ule ukanda wa majani ya ukindu unaoshonewa mkeka, na kila kusi hunikalisha karibu yake, japo ananijua mkono wangu. Ukindu huja umekaushwa, umefungwa mafungu. Majani huchanwa kuwa chane nyembamba, zinazotakiwa rangi hutiwa kwenye sufuria ya maji ya moto yenye rangi ya unga, zambarau au kijani au ile nyekundu inayobaki kwenye vidole hadi Ijumaa. Kisha unaanza kwa chane chache, unapishanisha moja juu moja chini, unapinda ukingoni, unaongeza chane nyingine kabla ya ile ya kwanza kwisha ili mwisho wake ufichwe. Ukili unarefuka, unauviringa, unaendelea. Baadaye ndio unashonwa ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka, na mwisho pindo.

Katika kiangazi chane hukauka mikononi na kukatika, kwa hiyo wasukaji huzifunga kwenye kitambaa kibichi na kutoa chache chache. Katika kusi zinabaki laini zenyewe. Unachohitaji ni kutovuta sana. Mimi huvuta.

"Mwanangu, polepole," shangazi huniambia, "hufungi punda."

Kisha anaufumua wote niliousuka, bila hasira, na kunirudishia nianze. Huku mazungumzo yanaendelea: nani ameposwa, nani amerudi kutoka Mombasa, kwa nini bei ya nazi imepanda tena. Kazi hii ina siri moja ambayo wenye kuuza vitu vya kupamba nyumba hawataki uijue: starehe yenyewe imo katika kusuka, na mkeka ni ziada. Mkeka mzuri utaununua kwa akina mama wa Kipungani, kijiji cha kisiwani kwetu, tena umesukwa vizuri kuliko wako mara kumi, na afadhali ununue kwao kuliko dukani. Simlaumu hata anayenunua wa plastiki. Unapigwa maji, haupati ukungu, bei nafuu. Lakini hakuna alasiri iliyowahi kukaliwa kwa ajili ya mkeka wa plastiki.

Wanaume wasinitazame pembeni hapa. Kofia ya vito, ile yenye vitundu vilivyotariziwa kwa uzi, inashonwa na wanaume na wanawake katika mji huu, na ukipita barazani utamwona kijana mwenye kitambaa cheupe magotini, uzi mdomoni, akitoboa na kuzungushia vito kimoja kimoja. Kofia ya kazi nzuri huchukua mwezi, miwili, pengine zaidi. Vijana wengi huifanya kwa ajili ya fedha, na haki yao. Hata hivyo nimegundua wanaoshona ndio wanaotulia zaidi msimu huu. Wengine huzunguka bandarini wakitazama mawimbi na kulalamika, tangu asubuhi hadi magharibi, halafu kesho tena.

Jikoni kusi ina sheria zake. Mashua ndogo hazitoki nje ya mlango wa bahari wa Shela mawimbi yakiwa hivyo. Wanavua ndani, kwenye mikoko, na kinachopatikana kinagombaniwa gatini. Basi ni wakati wa papa mkavu na ng'onda, samaki wa kukaushwa, wa kunde na mbaazi za nazi, wa muhogo. Watu husema vyakula hivi kwa sauti ya kuomba radhi, eti "leo hatuna samaki, tumepika mbaazi." Kwa nini radhi? Mbaazi za nazi zito na mahamri ya moto, nje kunavuma, ni chakula ambacho Februari huwezi kukifaidi hata ukilipwa. Papa mkavu aliyerowekwa usiku, akapikwa na ukwaju, na wali mweupe pembeni, na ile chupa ya achari ya embe iliyoanikwa kwenye jua la kaskazi, sasa imeiva mafuta yamepanda juu. Achari ni jua lililowekwa akiba, na aliyesahau kuitengeneza Januari ataazima kwa jirani Julai. Nao mkate wa mofa, kwa wenye mofa zao bado: unga wa mtama unaobandikwa kwenye ukuta wa joko la udongo hadi uwive. Nyumba zenye joko hilo zinapungua. Ukiwa na jirani anayelichochea, muamkie vizuri.

Baada ya isha, kahawa. Nyeusi, chungu, yenye tangawizi ya kutosha kukukwaruza koo, kutoka dele, birika la kahawa, lililokaa juu ya makaa. Vikombe vidogo, halua kipande. Na makaa yale yale, kahawa ikiisha, huhamishiwa chetezoni kwa udi. Hili si la anasa. Kusi huingiza uvundo kwenye makabati, kanzu na mabuibui hutoka na harufu ya stoo, na dawa yake ya tangu zamani ni kutandaza nguo juu ya tenga lililopinduliwa, chetezo chini yake, ubani au udi, mpaka moshi uzipite. Asubuhi ukivaa, joto na harufu vimo nguoni bado.

Sasa kuna jambo ambalo wenzangu wanaosifia starehe za nyumbani hulikwepa. Starehe hizi nani anazitengeneza? Mahamri hayo yalikandwa na mtu kabla ya alfajiri, maji yakiwa baridi. Nazi ilikunwa na mtu. Nguo zisizokauka zimeanuliwa na kuanikwa tena na tena na mtu yule yule. Mara nyingi mtu huyo hajakaa kitako hata kikombe kimoja. Rafiki yangu mmoja aliniambia waziwazi kwamba kusi kwake ni kufua tu, na maneno kama haya yangu humchosha. Namwelewa. Ndiyo maana nasema kazi za msimu huu zigawanywe. Mume ambaye haendi baharini kwa sababu ya mawimbi ana mikono miwili, nazi haimkatai. Mvulana anaweza kuchochea makaa na kufukiza nguo zake mwenyewe. Nyumba ambayo mmoja anafaidi upepo wa nje akiwa amejifunika na mwingine yuko jikoni kwenye moshi, hiyo haijapata msimu wa nyumba, imepata mfanyakazi asiyelipwa.

Na mwenye kuvua, ambaye kusi kwake ni njaa, sitamwambia asuke ukili afurahi. Kwa ajili yake nawaambia majirani: kofia, mikeka, mkate, kahawa, nunueni mitaani msimu huu, wala msibishane bei sana kama mnavyobishana Desemba.

Kwetu chumba cha ndani kimeshatolewa magodoro. Ukuta wa chini umekwaruzwa hadi kwenye jiwe, vumbi limetapakaa nyumba nzima na mama hajafurahishwa nalo. Chokaa imelowekwa kwenye pipa uani. Fundi anatoka Matondoni, kijiji kingine cha kisiwani, na amesema atakuja Jumamosi maji yakijaa, ila ametaka kwanza ahadi yangu kwamba sitamwomba achanganye simenti hata kidogo. Nimempa, na nimemwambia kahawa itakuwa tayari. Kaka yangu ndiye atakayeipika.