Kila Kitu cha Nani?

Shemeji yangu anajisifu pale Kibirizi, ufukweni Kigoma, kwamba kwenye biashara ya kuvua dagaa yeye aliweka kila kitu. Hebu tukihesabu hicho kila kitu. Kiwanja cha Ujiji: cha mama yake. Cherehani: ya mkewe, aliyekuwa anashonea watu sare za shule. Baiskeli: yangu, tena tairi ya nyuma mpya. Cha kwake humo ni mdomo tu.

Kwenye kijiwe cha kahawa pale Mwanga wazee wamegawanyika. Mmoja anasema kijana ni mjinga. Mwingine anasema huyo ndiye mwanaume, asiyethubutu atakufa anakula ugali wa muhogo na mchuzi wa jana. Mimi nawaambia, jamani, mjinga mnamwonea bure. Mjinga anachoma nyumba yake, analala nje, analia mwenyewe. Huyu kachoma nyumba ya ukoo, halafu anatuuliza mbona hatumletei maji.

Na mpango wenyewe ulikuwa mmoja, hauna hata mdogo wake. Mtumbwi, injini, nyavu, taa za sola. Nikamuuliza, mvua ikikuta dagaa mchangani je? Akasema nina roho ya umaskini. Ziwa Tanganyika likifungwa, uvuvi ukasimamishwa je? Akacheka mpaka akakaa chini. Ziwa la kilomita zaidi ya 600, linafungwa kwa kufuli gani?

Mei 15, 2024 likafungwa. Miezi mitatu, samaki wazaliane. Habari hiyo tulishaichambua mpaka kwa kinyozi, yeye akasema inawahusu wavuvi wadogo.

Basi injini ikahamia sebuleni kwangu, imefunikwa kanga ya mke wangu. Nikikohoa naambiwa, "Baba, taratibu, usiitikise." Ziwa lilifungwa, deni la nyavu halikufungwa. Mdai alikuwa anapiga hodi kwangu, maana shemeji alimwandikishia namba yangu ya simu. Hilo nalo ni kuthubutu?

Agosti 16 ziwa likafunguliwa. Shemeji huyoo, mbio ufukweni! Kumbe mwezi mpevu ni tarehe 19. Mtoto yeyote wa Kigoma atakwambia dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikiwaka, taa zako ni mapambo ya harusi. Wenzake wakakaa kivulini wanashona nyavu, hawana presha, nyuma yao kuna mashamba ya mihogo na michikichi. Nyuma yake yeye nilikuwepo mimi.

Giza liliporudi, injini ikagoma. Hayo tuyaache.

Mke wangu anasema mdogo wake ana moyo mkubwa. Sibishi, baiskeli yangu iliingia humo nzima na kengele yake. Sasa hivi shemeji analala chumba cha watoto, watoto wamehamia sebuleni, na mimi ndiye ninayenunua vocha anayompigia fundi wa injini.