Chesi haikulazimishi kula

Tarehe 1 Machi 2024 niliamka nina reitingi ya chesi, ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji, ya 1520 wakati jana yake nilikuwa na 1200, na sikuwa nimesogeza kete hata moja. Wanaofuatilia wanajua kilichotokea, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, waliamua kuwapandisha wachezaji wa chini ya 2000 kwa sababu namba za huku chini zilikuwa zimeporomoka mno, wanachukua pengo lako mpaka kufika 2000 halafu wanakuongezea asilimia 40 ya hilo pengo, mimi pengo langu lilikuwa 800 kwa hiyo nikapewa 320 bure. Sakafu nayo, yaani reitingi ya chini kabisa, wakaitoa 1000 wakaiweka 1400. Washkaji wakanipongeza kwenye grupu, nikashukuru, lakini kiukweli sikuwa na raha nayo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na mimi nilijua ninavyocheza.

Mwaka ule ukaisha namba imeshuka mpaka 1461. Haikuniuma sana maana niliitegemea. Ila Januari 2025 nikajiambia mwaka huu nataka namba ambayo nikiiangalia najua imetoka wapi, hata kama ni ndogo. Leo nina 1618. Sasa watu wananiuliza umesoma openingi gani, yaani mipango ya muvu za mwanzo, umelipia kozi gani, na jibu langu huwa linawachosha kwa sababu mimi naamini kilichonipandisha ni kitu kimoja tu, nilijifunza kutokula.

Ngoja nieleze. Mimi nimekulia kwenye drafti. Kaloleni hapa Arusha, benchi la mbao, bodi imechorwa kwa rangi, kete ni vifuniko vya soda, mmoja anacheza na vilivyolala na mwingine na vilivyofunuka. Nimeanza nikiwa na miaka tisa kusimama nyuma ya wazee naangalia, na sheria ya kwanza niliyoijua maishani kwenye mchezo wowote ni kwamba kete ikikaa vibaya lazima uile. Huna hiari. Ndio maana drafti inanoga, mzee anakulisha moja, unajua kabisa ni mtego na unakula hivyo hivyo kwa sababu sheria inakubana, halafu yeye anaruka tatu anaingia kingi. Utamu wote wa drafti upo pale. Lakini ukicheza hivyo miaka ishirini mkono unazoea, jicho likiona kete iko wazi mkono unaenda wenyewe, kichwa kinafuata baadaye.

Nilipohamia chesi nikaja na mkono uleule. Askari wangu na askari wake wamekutana katikati ya ubao, wanaangaliana, yeyote anaweza kumla mwenzake, basi mimi sikuwa naweza kuvumilia ile hali hata kwa muvu mbili. Nakula. Yeye anarudisha kwa farasi, na yule farasi alikuwa amelala nyuma hana kazi, sasa amefika katikati ya ubao na aliyemleta ni mimi. Gemu moja baada ya nyingine ilikuwa hivyo na nilikuwa nasema nimeshindwa kwa sababu sijui openingi.

Siku iliyonifungua macho ilikuwa Mei, Nairobi. Nilipanda shato ya asubuhi kupitia Namanga kwenda kwenye mashindano ya gemu ndefu, dakika 90 kila mtu na sekunde 30 zinaongezeka kila muvu. Raundi ya tatu nikapangiwa kijana wa chuo. Nilikuwa na farasi mzuri sana katikati, amesimama imara hakuna askari wa kumfukuza, na yeye alikuwa na askofu amefungiwa ndani na askari wake mwenyewe, hana pa kutokea. Akamtoa yule askofu akamuweka mahali ambapo farasi wangu angeweza kumla. Nikamla, sidhani kama ilipita hata nusu dakika. Akarudisha kwa askari, mstari ukafunguka, ngome yake ikawa inamtazama mfalme wangu moja kwa moja na mimi sina tena yule farasi wa kuziba. Nilipoteza gemu saa yangu ikiwa na dakika 71 zimebaki. Dakika 71! Nimesafiri nusu siku, nimelipa kiingilio na malazi, halafu muda wote ule nimeuacha mezani.

Baada ya gemu tukakaa pembeni kuipitia, kitu ambacho nawasifu sana wachezaji wa Nairobi, hawana uchoyo. Akaniuliza, "Kaka, hapa kwa nini ulikula?" Nikamjibu ukweli, kwa sababu alikuwa hapo. Akatulia kidogo akasema, "Huyo farasi wako alikuwa ameshika gemu yangu yote. Na huyo askofu mimi nilikuwa natafuta tu pa kumtupa."

Njiani kurudi Arusha nililala na hilo neno. Nikaanza kufungua daftari, maana kwenye gemu ndefu unaandika kila muvu, na gemu zangu zote ninazo. Nikazipitia zile nilizopoteza bila enjini, ile programu ya kompyuta ya kuchambua gemu, kwa mkono, nikiweka alama pale ambapo mambo yalianza kuharibika. Zaidi ya nusu ya zile alama ziliangukia kwenye muvu ambayo mimi nimekula kitu bila kulazimishwa. Sio kwamba sikuona hesabu ya mbali, hapana, nilikula tu.

Toka hapo nikajiwekea swali moja kabla ya kula, nani atakuja kukaa pale nikishakula. Basi. Kama anayekuja ni mzuri kuliko aliyeondoka, naacha. Na mikono naikalia, nasema kweli, naweka viganja chini ya mapaja, kwa sababu kwenye chesi ya mashindano ukigusa umecheza, ukigusa kete ya mpinzani na kuna namna halali ya kuila unalazimika kuila. Ndio karibu mahali pekee ambapo chesi inageuka drafti, na anayekulazimisha ni mkono wako mwenyewe.

Halafu kuna hii imani ya sisi wachezaji wa kawaida kwamba ukikutana na mtu mkali badilishana naye kila kitu, ubao ukiwa mtupu mtatoka suluhu. Nilikuwa nayo mimi pia. Anayeiamini akaangalie gemu ya 14 ya kugombea ubingwa wa dunia, Singapore, Desemba 2024, bingwa Ding Liren wa China na mpinzani wake Gukesh wa India wamefungana 6.5 kwa 6.5, gemu ya mwisho kabla ya kwenda kwenye zile za haraka. Ding ana ngome, askofu na askari mmoja, amepungukiwa askari mmoja lakini anaweza kujilinda. Muvu ya 55 akasogeza ngome kwenye mraba wa f2 kuomba wabadilishane. Gukesh akakubali, kisha akasogeza askofu wake d5, na askofu wa Ding alikuwa kwenye kona ya a8 hana pa kukimbilia, ikabidi nao wabadilishane. Wakabaki wafalme na askari, na hiyo hesabu Ding alikuwa ameshaipoteza. Bingwa wa dunia amevuliwa taji na muvu iliyokuwa inatafuta utulivu, na aliyelichukua alikuwa na miaka 18. Mimi ile gemu nimeirudia mara nyingi kuliko gemu yoyote, na bado naumia nikifika pale.

Kwa hiyo nusu ya pili ya mwaka nikaipeleka kwenye mwisho wa gemu, nikajifunza kwanza lini kubadilishana kunaokoa na lini kunaua. Ngome kwa ngome hasa. Kuna ile nafasi ya Philidor, ya tangu karne ya 18, wewe unajilinda mpinzani ana askari mmoja zaidi, mfalme wako anakaa mbele ya yule askari, ngome yako unaiweka mstari wa tatu upande wako ili mfalme wake asipande, unasubiri tu, na siku akisukuma askari kuingia kwenye ule mstari unaikimbiza ngome mpaka mwisho kabisa wa ubao na kuanza kumpiga mfalme wake cheki kwa nyuma, hana tena pa kujificha. Agosti nilikaa hivyo karibu saa nzima na mtu wa 1790 wakati mimi nina 1540, akazunguka, akajaribu huku na kule, mwisho akaninyooshea mkono. Kwa namba ile suluhu ilinipa pointi 6 na kidogo hivi, kwa sababu nilikuwa nimeshapita gemu 30 na kigezo changu, ile namba wanayozidishia matokeo kupata pointi, kimeshuka toka 40 kuwa 20. Pointi 6 tu lakini hizo nazijua zimetoka wapi.

Sasa niseme kinachonikera. Sisi huku tunacheza blitzi tu. Dakika tatu, dakika tano, kwenye simu, kwenye grupu, hata tukikutana ana kwa ana tunawasha saa dakika tano. Siipingi blitzi, ni tamu na mimi naicheza. Lakini blitzi inaulea ule mkono wa drafti, anayekula haraka anashinda kwa saa, na vijana wetu wana vipaji vya kutisha halafu ukiwakalisha kwenye gemu ya saa tatu wanamaliza kwa dakika 25 wanabaki wanashangaa ukuta. Mimi simu nimeiachia mafumbo tu, Lichess ni bure haina matangazo, na nafanya bila kukimbizana na saa, nisipoiona muvu leo nalala nayo. Hakuna siri zaidi ya hiyo na haina gharama, ila inahitaji mtu wa kukaa naye mezani saa tatu, na huyo ndiye adimu hapa kwetu. Kila nikitaka gemu ndefu yenye uzito lazima nivuke mpaka.

Nina bodi nne na saa mbili, na wapo wenzangu sita wameshakubali. Tunataka kucheza gemu moja tu kwa Jumamosi, dakika 90, kila mtu anaandika muvu zake, tukimaliza tunazipitia pamoja. Kinachokosekana ni chumba chenye meza nne na kisicho na muziki, kuanzia saa nane mchana mpaka saa moja jioni. Mwenye nacho hapa Arusha aniambie, kusafisha tutasafisha wenyewe.